Kuanza Kazi ya DJ wa Sherehe Dar es Salaam

Katika jiji la Dar es Salaam, DJ wa harusi huchaguliwa wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe, na mara nyingi huchaguliwa na watu ambao wengi wao hawajawahi kumsikia akipiga muziki. Kamati huketi jioni, mwenyekiti hupitia bajeti kipengele kwa kipengele, na inapofika zamu ya muziki mjumbe mmoja husema, “Yupo yule kijana aliyepiga kwenye sendofu ya binti wa jirani yetu. Alifika mapema, na wazee walicheza.” Maneno hayo machache hutosha, na jina la kijana huandikwa kwenye daftari kati ya mpambaji na mpiga picha.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka jina lake litajwe hivyo. Nimeifanya kazi hii kwa miaka mingi, katika kumbi zenye viyoyozi na chini ya maturubai yaliyofungwa uani Mbagala na Tandika, na ninaamini kwa dhati kwamba sherehe za familia ndizo shule bora kwa anayeanza. Klabu humpa DJ watu wa umri unaokaribiana ambao wamekuja kwa ajili ya muziki. Harusi humpa bibi wa miaka sabini na mitano, wajomba waliosafiri kutoka Bukoba, wafanyakazi wenzake bwana harusi, akina mama wa kikundi cha kufa na kuzikana na watoto wasiochoka, wote ndani ya ukumbi mmoja kwa saa tano au sita, na kila mmoja wao anastahili kupata wimbo wake. Aliyezoea kuwatumikia hao wote hatapata shida akiitwa klabu, ilhali aliyezoea klabu peke yake huhangaika sana anapokuja harusini.

Wala si jambo jipya kwa ufundi huu kuzaliwa katika sherehe ya nyumbani. Tarehe 11 Agosti 1973, Clive Campbell, anayejulikana zaidi kama DJ Kool Herc, alipiga muziki katika sherehe iliyoandaliwa na mdogo wake wa kike, Cindy, kwenye chumba cha burudani cha jengo walimokuwa wakiishi, namba 1520 Sedgwick Avenue, Bronx, New York. Binti huyo alikuwa anatafuta fedha za nguo za shule. Watu wengi huihesabu siku hiyo kuwa mwanzo wa hip hop. Hapa kwetu nako, Clouds, ambayo leo hufahamika kama redio na televisheni, ilianza kama disko lililokuwa likihama na vyombo vyake.

Anza kwa kubeba spika

Njia ya uhakika kuliko zote ya kuingia katika kazi hii ni kuwa msaidizi wa DJ anayefanya kazi kila wiki, au wa mtu anayekodisha mitambo ya muziki. Mwendee kwa heshima, mwambie wazi kwamba unataka kujifunza, na ukubali kwamba kwa miezi kadhaa utapata nauli na chakula tu. Utabeba spika, utafunga waya, utakaa macho hadi saa nane za usiku, na hutagusa mashine. Usiione kazi hiyo kuwa ya kudhalilisha, kwa sababu humo ndimo utakamojifunza mambo ambayo hakuna video inayoyafundisha: jinsi ukumbi mtupu unavyosikika tofauti na ukumbi uliojaa watu, jinsi ya kuzungumza na msimamizi wa ukumbi anayedai hakuna soketi karibu na jukwaa, na jinsi DJ mzoefu anavyomtazama mshereheshaji usoni kabla hajabonyeza kitu chochote.

Jifunze tangu siku ya kwanza kukunja waya kwa duara zilizolegea, ukifuata mkunjo wake wa asili, wala usiuzungushe kwenye kiwiko na kiganja kama kamba ya ndoo. Waya unaozungushwa kwenye kiwiko husokotwa ndani, nyuzi zake hukatika kidogo kidogo, na siku moja spika ya kushoto itakuwa inakatakata sauti katikati ya hotuba ya baba mzazi. Jifunze pia mpangilio wa kuwasha na kuzima: huwashwa kwanza laptopu na kontrola (mashine ya DJ ya kuchanganyia nyimbo), kisha mikisa (kifaa kinachounganisha na kurekebisha sauti), na amplifaya au spika zenye amplifaya ndani huwashwa mwisho kabisa. Wakati wa kuzima, hizo za mwisho ndizo za kwanza. Anayekiuka mpangilio huo hupeleka mshindo mkali kwenye spika, na mshindo wa namna hiyo ukirudiwarudiwa huua vipaza vidogo vya sauti za juu.

Vifaa, na kwa mpangilio gani

Nimewaona vijana wakikopa fedha nyingi kununua spika kubwa kabla hawajapata kazi hata moja. Ninawasihi wasifanye hivyo. Spika hukodishwa katika kila wilaya ya jiji hili, na gharama yake huingizwa katika bei unayompa mteja. Vitu vya kununua mwanzoni ni vile ambavyo mikono na masikio yako yanapaswa kuvizoea kila siku, yaani laptopu ya kuaminika, kontrola yenye pande mbili na hedifoni zinazofunika masikio vizuri.

Kwa kontrola, mashine ndogo kama Pioneer DDJ-FLX4 humtosha anayeanza, na inafanya kazi na programu za kuchanganyia muziki za rekordbox na Serato DJ Lite. Virtual DJ nayo ina watumiaji wengi miongoni mwetu. Chagua programu moja na uikalie kwa mwaka mzima, kwa kuwa anayehamahama hujikuta kila mara akitafuta vitufe badala ya kuwatazama watu. Ukinunua mashine iliyotumika, Kariakoo au kwa mtu, nenda na laptopu yako na hedifoni zako, sukuma kila kitelezi polepole huku ukisikiliza kama kinakwaruza, na ubonyeze kila kitufe.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo huwasumbua wengi bila wao kujua chanzo chake. Kontrola ndogo nyingi hutoa sauti kupitia matundu ya RCA, yale ya plagi ndogo nyekundu na nyeupe, peke yake, na waya wa aina hiyo ukiwa mrefu hudaka muungurumo wa umeme. Kwa hiyo weka waya wa RCA uwe wa mita moja au mbili tu, uuingize kwenye mikisa ndogo iliyo mezani kwako, kisha kutoka kwenye mikisa hiyo utumie waya za XLR, zenye plagi za pini tatu, kwenda kwenye spika, hata kama ziko mita ishirini. Mikisa hiyo itakusaidia pia kwa maiki. Usiunganishe maiki ya mshereheshaji kwenye kontrola ikiwa unaweza kuepuka, kwa sababu laptopu ikiganda, ukumbi utabaki bila muziki na bila sauti ya mtu wa kuwatuliza wageni. Maiki ikipita kwenye mikisa, mshereheshaji ataendelea kuzungumza wakati wewe unawasha upya.

Umeme ndio adui mkubwa wa kazi yetu. Ufikapo ukumbini, uliza maswali matatu bila haya: LUKU ina yuniti ngapi, jenereta iko wapi na nani ana ufunguo wake, na je, soketi zako ziko kwenye laini moja na majokofu au viyoyozi? Niliwahi kuzimikiwa muziki wakati maharusi wako mlangoni, na chanzo kilikuwa yuniti za LUKU kuisha, jambo ambalo swali moja la mchana lingelizuia. Stabilaiza ni ya lazima, eksteni zako ziwe nene na zako mwenyewe, na umeme ukikatika, shusha sauti zote na uzime spika kabla jenereta haijawashwa.

Kuhusu ukubwa wa sauti, taa nyekundu kwenye mikisa haimaanishi kwamba muziki umenoga. Inamaanisha kwamba mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa, kwamba muziki unakwaruza na kwamba spika zinaweza kuungua. Fanya kazi kwenye kijani, ukigusa njano kwa nadra, na kama sauti haitoshi, ongeza spika. Masikio yako nayo ni mtaji. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 mwongozo wa kumbi za burudani unaotaka wastani wa sauti usizidi desibeli 100 katika kila dakika 15, na kwa mtu anayekaa mbele ya spika kila Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, hata kiwango hicho ni kikubwa. Nunua viziba masikio, na uepuke kukaa mbele ya spika zako mwenyewe.

Hazina ya nyimbo

Hapa ndipo ningependa msomaji akae muda mrefu zaidi, kwa kuwa mashine hukodishwa lakini hazina ya nyimbo hujengwa kwa miaka.

Tafuta mafaili ya ubora wa juu, MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde. Wimbo wa kilobiti 128 husikika vizuri kwenye simu, lakini ukiuweka kwenye spika kubwa besi yake hulegea na sauti za juu hulia kama mchanga. Kwa ubora wa 320, dakika moja ya muziki huchukua takribani megabaiti 2.4, hivyo flashi ya gigabaiti 32 hubeba nyimbo zipatazo elfu tatu za dakika nne nne, ambazo ni nyingi kuliko utakazohitaji usiku wowote. Kuwa na flashi mbili zinazofanana, zikiwa katika mfumo wa FAT32 unaokubalika na mashine nyingi, na nakala nyingine nyumbani. Nyimbo ulizohifadhi ndani ya programu za kusikilizia muziki kwenye simu hazitakufaa, kwa kuwa mafaili yake yamefungwa na ruhusa yake ni ya usikilizaji binafsi. Nunua nyimbo mahali zinapouzwa, au ujiunge na huduma za kulipia kwa mwezi zinazowahudumia ma-DJ.

Jihadhari sana na nyimbo zinazopakuliwa bure kwenye tovuti. Katika miaka yangu ya mwanzo nilipakua kwa haraka wimbo ambao bibi harusi aliuchagua wa kuingilia, nikausikiliza sekunde chache tu, nikauweka tayari. Siku ya harusi, bibi harusi akiwa nusu ya zulia na ukumbi wote umesimama, sauti nzito ya mwanamume ilitangaza jina la tovuti juu ya ubeti wa kwanza, na baadaye ikatangaza tena. Familia haikunilaumu hadharani, lakini niliuona uso wa yule binti, na tangu siku hiyo sijawahi kupiga wimbo wa tukio bila kuusikiliza mwanzo hadi mwisho kwa hedifoni.

Ukishapata nyimbo, zipange kwa kufuata matukio ya sherehe, kwa maana jina la msanii halikusaidii sana unapohitaji kitu ndani ya sekunde kumi. Mimi huwa na folda za wageni wanapoingia, kuingia kwa maharusi, utambulisho wa familia, keki, chakula, zawadi, kufungua muziki na kucheza, na ndani ya folda ya kucheza nimezigawa kwa kasi. Bongo Fleva nyingi hukaa kati ya mapigo 90 na 110 kwa dakika, amapiano huwa karibu na 110 hadi 115, na singeli huanzia takribani 200 na kuendelea hadi kuzidi 300. Ukizijua namba hizi utaona njia ambazo wengine hawazioni: amapiano ya mapigo 112 hupokewa vizuri na singeli ya 224, kwa kuwa ya pili ni ya kwanza iliyozidishwa mara mbili, na mguu wa mchezaji hautakosea.

Kisha kuna muziki wa wazee, ambao vijana wengi huudharau na ambao umeniletea kazi nyingi kuliko muziki mwingine wowote. Kuwa na hazina halisi ya muziki wa dansi, kuanzia enzi za NUTA Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1964 na ambayo baada ya kubadili majina mara kadhaa leo ni Msondo Ngoma, hadi DDC Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978, pamoja na rumba ya Kongo ya miaka hiyo. Bendi hizo zilirekodi wanamuziki wakipiga pamoja bila mashine ya kuhesabu mapigo, kwa hiyo kasi hupanda na kushuka ndani ya wimbo mmoja, na programu yako itakosea kuyapanga mapigo yake. Usijaribu kuzioanisha kwa muda mrefu. Acha wimbo ufike mahali pa kupumulia na uingize unaofuata hapo. Tena nyimbo nyingi za dansi huanza kwa utulivu wa maneno, kisha zikaingia kwenye chemko, ile sehemu ya kuchangamka na kucheza. Ukiwa na vijana uwanjani unaweza kuanzia kwenye chemko moja kwa moja, lakini ukiwa na wazee usiwaibie mashairi, kwa sababu ni maneno hayo waliyoyaimba walipokuwa wachumba.

Vivyo hivyo taarab katika kicheni pati na sherehe za wanawake. Wimbo wa taarab ya kisasa unaweza kuzidi dakika kumi, na DJ aliyezoea kubadilisha kila dakika mbili hushawishika kuukata. Asiukate. Mipasho hujengwa ubeti kwa ubeti, mwanamke aliyesimama kucheza anangoja ubeti wake, na ukiukata kabla haujafika utakuwa umemnyamazisha mbele ya shoga zake.

Uliza pia kabila la kila upande wa familia, kisha utafute angalau nyimbo tatu za kwao. Hakuna kitu kinachoinua ukumbi kama pale familia ya Kisukuma inapousikia mdundo wa bugobogobo wakati wa zawadi, au Wamakonde wanapopewa sindimba, au Wazaramo mdundiko. Shangazi aliyekuwa amekaa tangu jioni huinuka, na bibi harusi humfuata. Muulize mjumbe wa kamati akutumie nyimbo ambazo familia yenyewe hucheza, maana jina la kabila peke yake linaweza kukupotosha.

Kuchanganya

Mbinu zenyewe hujifunzwa kwa subira nyumbani. Muziki mwingi wa kucheza huhesabiwa kwa nne, na vipande vyake hubadilika kila baada ya mapigo 16 au 32. Chukua wimbo mmoja unaoujua, hesabu mapigo yake kwa sauti, na uangalie jinsi ngoma mpya, kiitikio au ukimya unavyoingia kila unapofika 32. Kwa kasi ya mapigo 112, mapigo 32 ni kama sekunde 17, na hizo sekunde 17 ndizo muda wako wa kuuingiza wimbo mpya. Ukianzisha wimbo wa pili pale kipande cha wimbo wa kwanza kinapoanza, nyimbo mbili zitapumua pamoja. Ukianzisha katikati, hata kama kasi zinalingana, masikio ya wasikilizaji yatahisi kwamba kuna kitu kimegongana.

Zima kitufe cha kuoanisha kasi kwa miezi mitatu ya kwanza. Kitufe hicho si haramu, nami hukitumia kazini, lakini siku programu itakapokosea kuhesabu utahitaji sikio lako. Fanya mazoezi ya saa moja kila siku badala ya saa saba za Jumapili, punguza besi ya wimbo unaotoka kabla ya kupandisha besi ya unaoingia, kwa kuwa besi mbili kwa pamoja huleta tope, na rekodi kila zoezi. Sikiliza rekodi hiyo kesho yake asubuhi, ukiwa kwenye daladala, kwa sababu usiku ule ule kila mtu hujisifu.

Siku ya sherehe

Fika ukumbini muda wa saa tatu nzima kabla wageni hawajaanza kuingia. Mitambo ikiwa tayari, tembea hadi meza ya mwisho nyuma ya ukumbi na usikilize, kisha kaa na mshereheshaji mpitie ratiba mstari kwa mstari. Kubalianeni ishara za mkono za kuanza, kushusha na kukata, na mkubaliane kwamba ratiba ikibadilika, atakuambia kabla hajawaambia wageni. DJ na mshereheshaji wanaogombana huharibu sherehe ya watu waliochangishana kwa miezi, na katika ugomvi huo ninaamini DJ ndiye anayepaswa kunyamaza, kwa kuwa mwenye maiki ndiye anayebeba lawama ya ratiba.

Muziki wa wakati wa chakula uwe wa chini kiasi kwamba watu wawili wanaokaa meza moja waweze kuzungumza bila kuinamiana. Adhana ikisikika kutoka msikiti wa jirani, shusha sauti hadi iishe, bila kungoja kuambiwa. Nyimbo zenye matusi usizipige katika sherehe ya familia hata vijana wakiziomba, na kwa zile ambazo zina toleo lililosafishwa, beba toleo hilo peke yake.

Muda wa kucheza unapofika, anza na wazee. Hilo ndilo pendekezo langu ambalo ma-DJ wenzangu wengi hulipinga, wakisema kwamba vijana watapoa. Uzoefu wangu unaniambia kinyume chake. Wazee huondoka mapema, na ukiwapa nusu saa ya kwanza watacheza kwa furaha, vijana watawatazama na kuwarekodi kwa simu, na watakapoketi, uwanja utakuwa tayari una joto. Ukianza na singeli, wazee watatoka nje kutafuta usafiri na hutawapata tena. Baada ya hapo tazama miguu kuliko nyuso. Mtu anayetikisa mguu chini ya meza anangoja wimbo mmoja tu ili ainuke, na wachezaji wanaoanza kuzungumza wao kwa wao wameshachoka na mdundo huo, hata kama bado wamesimama. Maombi ya nyimbo yapokee kwa tabasamu na uyaandike, lakini mpangilio uwe wako, isipokuwa anapoomba bibi harusi mwenyewe, ambaye hupewa papo hapo.

Bei na vibali

Bei ianze na hesabu ya gharama. Tuseme, kwa mfano, kukodisha spika na usafiri wake ni shilingi 200,000, msaidizi 40,000, na unatenga 30,000 kwa ajili ya uchakavu wa vifaa vyako. Hapo umeshafika 270,000 kabla ya kujilipa wewe mwenyewe, na anayekubali kazi ya 250,000 kwa kuogopa kuipoteza atakuwa amemlipa mteja ili ampigie muziki. Andika makubaliano, hata kama ni ukurasa mmoja, yenye tarehe, mahali, saa ya kuanza na ya kumaliza, vifaa utakavyoleta, bei ya kila saa ya ziada, na malipo ya awali ambayo kwa kawaida mimi huyaweka nusu. Salio lilipwe kabla maharusi hawajaingia ukumbini, kwa sababu ikishafika usiku wa manane mweka hazina wa kamati huwa haonekani.

Kwa upande wa sheria, Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, ndilo linalosajili wanaofanya kazi za sanaa na burudani, na ma-DJ wamo. Upigaji wa muziki hadharani unahusu pia haki za watunzi chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na kwa Zanzibar ipo COSOZA. Muulize mwenye ukumbi kama ana leseni, na umwombe akuonyeshe. Kelele husimamiwa na NEMC, baraza la taifa la mazingira, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, jambo ambalo linawahusu zaidi wanaopiga kwenye maturubai mitaani, kwa hiyo mpe mwenyekiti wa serikali ya mtaa taarifa mapema pamoja na saa ya kumaliza, na uiheshimu saa hiyo. Chukua namba ya mlipakodi kutoka TRA, ambayo hutolewa bure, kwa kuwa kampuni na mashirika yanayoandaa sherehe za mwisho wa mwaka hayatakulipa bila hiyo, na kazi zao ndizo zinazolipa vizuri zaidi mwezi Desemba.

Usiku ukiisha, kabla hujakunja waya, chukua daftari uandike nyimbo tano zilizojaza uwanja na tatu zilizowaondoa watu uwanjani, pamoja na jina la familia na kabila lao. Siku mbili baadaye mpigie mwenyekiti wa kamati umshukuru, umuulize ni wapi mlipungukiwa, na uyaandike majibu yake kwenye ukurasa ule ule, kwa sababu ndugu wa bibi harusi anayefuata kuolewa katika familia hiyo alikuwa ukumbini usiku ule, na atakapoitisha kikao cha kwanza utahitaji kukumbuka ni wimbo gani uliomwinua mama yake.